Mpiga picha za habari anataka kuhamia kwenye teknolojia: aache kazi, auze kamera, ampe developa nusu ya kampuni?

Swali: "Habari mtaalamu. Mimi ni mpiga picha za habari, miaka ya mwanzo niliajiriwa gazetini na sasa hivi niko nusu mkataba nusu kujitegemea. Kazi zinapungua kila mwaka na malipo yanachelewa. Nina wazo la apu ambayo mpiga picha yeyote anapandisha picha zake na magazeti yananunua moja kwa moja bila wakala. Rafiki yangu developa yuko tayari kuitengeneza ila anataka nusu ya kampuni. Mimi sijui kuandika programu hata kidogo na umri umeenda. Nina hadidiski zimejaa picha za miaka yote, nawaza hizo ndio mtaji wangu, na wengine wananishauri niuze kamera na lenzi nipate pesa ya kuanzia. Je niache kazi? Na kuna mtu kweli ametoka kwenye picha za habari akafika mbali kwenye teknolojia au najidanganya?"

Jibu:

Asante kwa kuandika kwa kirefu, imenisaidia kuona panapokuuma. Nikikusoma vizuri naona apu yenyewe sio shida kubwa, shida ni kwamba kazi uliyoijenga miaka yote unaiona inaisha mikononi mwako na unaogopa vitu viwili kwa mpigo, kubaki mpaka uishe nayo, au kuruka ukaangukia pabaya. Hofu zote mbili ni za kweli na nitazigusa, ila nianze na lile swali lako la mwisho manake nadhani ndilo linalokunyima usingizi.

Hujidanganyi. Kwanza hujidanganyi kwamba kazi zinaondoka, mwezi Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliachisha kazi idara yake nzima ya wapiga picha kwa mara moja, akiwemo John H. White ambaye alikuwa ameshashinda tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Pulitzer, halafu waandishi wakaanza kufundishwa kupiga kwa iPhone. Kwahiyo mtu akikwambia vumilia tu mambo yatarudi kama zamani, msikilize kwa heshima ila usipange maisha yako juu ya maneno hayo.

Na pili, wapo waliovuka. Rick Smolan alikuwa anapiga picha za majarida ya Time, Life na National Geographic, baadaye akawa mtu wa miradi mikubwa, na tarehe 8 Februari 1996 akaongoza mradi ulioitwa 24 Hours in Cyberspace ambapo wapiga picha sehemu mbalimbali za dunia walipiga siku hiyohiyo na timu yake ikawa inazipanga picha kwenye intaneti siku hiyohiyo, wakati watu wengi bado hawajui hata intaneti ni nini. PhotoShelter, kampuni ya kuhifadhi na kusambaza picha iliyoanza 2005, mmoja wa waanzilishi wake ni Grover Sanschagrin ambaye alitokea hukohuko kwa wapiga picha. Na ukirudi nyuma kabisa, mwaka 1947 Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walipoanzisha Magnum, wakala unaomilikiwa na wapiga picha wenyewe, hakukuwa na kompyuta yoyote mezani, lakini walichofanya ni biashara mpya kabisa kwa wakati ule, kwamba mpiga picha abaki na haki ya picha zake badala ya jarida kuichukua.

Sasa angalia hao wote wanafanana wapi. Jicho lao la picha ndilo lililowapa jina, ila kampuni au mradi ulisimama kwenye kitu kingine, ile njia ambayo picha inapita baada ya kupigwa, nani anaimiliki, inafikaje, inapatikanaje mwaka kesho, nani analipwa. Hiyo njia wewe unaijua mpaka kona zake, umeipita kila siku ukiwa umechoka na betri imeisha, na mtu wa teknolojia ambaye hajawahi kuipita hawezi kuijua kwa kusoma tu. Ukiniuliza mtaji wako ni nini nitakwambia ni huo, kuliko hadidiski na kuliko lenzi.

Ndio maana wazo la soko la picha linanipa wasiwasi, na naomba usinielewe vibaya, malalamiko yaliyokuleta kwenye wazo hilo ni ya haki kabisa, wakala anakata kubwa na analipa kwa kuchelewa. Tatizo ni jinsi soko linavyofanya kazi. Soko lina pande mbili na kila upande unamsubiri mwenzake, wapiga picha hawaji kama hakuna wanunuzi na wanunuzi hawaji kama hakuna picha. Huo mtego upo kwa kila soko, ila kwa picha za habari ni mkali zaidi kwasababu picha ya habari inakufa haraka, ya leo jioni kesho asubuhi imeshapoteza thamani yake karibu yote. Jon Oringer alipoanzisha Shutterstock, soko la picha la mtandaoni, mwaka 2003 aliukata huo mtego kwa kupiga picha mwenyewe na kuweka kama 30,000 za kwake kama mzigo wa kuanzia, na aliweza kwasababu zilikuwa picha za matumizi ya kawaida, mtu anakunywa kahawa, mikono kwenye kibodi, picha kama hiyo inauzika leo na inauzika miaka kumi ijayo. Picha ya mkutano wa waandishi wa jana haiwekwi stoo ikasubiri mteja.

Halafu mfikirie mnunuzi wako, mhariri wa picha aliyeko zamu usiku. Gazeti lake tayari lina mkataba na mashirika ya habari kama Reuters au AP au AFP, pesa imeshalipwa kwa mwezi au kwa mwaka, akitumia picha moja au mia kwake ni bei ileile. Picha yako kwenye apu hata ikiwa nzuri zaidi inamwongezea kazi, lazima ahakikishe wewe ni nani, picha ni ya kweli, maelezo ni sahihi, kisha apeleke ankara mpya kwa watu wa fedha ambao hawajawahi kusikia jina la kampuni yako, na yote hayo dakika chache kabla kurasa hazijafungwa. Hatafanya. Anakupenda sana lakini hatafanya.

Na sio nadharia hii, imeshajaribiwa na watu wenye pesa. Scoopt ilianza 2005 kuuza picha za habari za watu wa kawaida, Getty Images, kampuni kubwa ya kuuza picha, wakainunua 2007, ikafungwa 2009. Demotix ya aina hiyohiyo ilianza 2009, Corbis, kampuni nyingine ya kuuza picha, wakaichukua 2012, 2016 ikafungwa. Na hao PhotoShelter niliowataja walijaribu pia, walifungua soko lao la kuuza picha na mwaka 2008 wakalifunga baada ya kama mwaka hivi, lakini ile huduma ya kumpa mpiga picha mahali pa kuhifadhi, kuonyesha na kumfikishia mteja picha ikaendelea kuishi. Ningekuwa na nafasi ya kukupa somo moja tu ningekupa hilo la PhotoShelter, manake ni watu walewale, kampuni ileile, wateja walewale, kimoja kimekufa na kingine kimepona, na kilichopona ni chombo cha kazi ambacho mtu mmoja anaweza kukilipia na kikamfaa leo hata kama hakuna mwingine aliyejiunga.

Kwahiyo mimi ningekusukuma utafute chombo. Mfano ninaoupenda ni Photo Mechanic, programu ambayo wapiga picha wa michezo wengi wanaishi nayo. Upo pembeni ya uwanja, goli limeingia, una sekunde chache za kutuma picha na lazima maelezo yawe na jina kamili la mchezaji, timu, tukio, tarehe. Kuandika jina refu la mchezaji usiyemjua huku vidole vina baridi ndipo makosa yanapoingia, na jina likikosewa gazetini lawama ni zako. Wao waliweka kitu kidogo tu, unapakia orodha ya wachezaji kabla ya mechi, halafu ukiandika kifupi kama h9 programu yenyewe inakuletea jina kamili la namba 9 wa timu ya nyumbani. Basi. Ila mtu aliyekalia lile benchi anaelewa kwanini watu wako tayari kulipia.

Maumivu ya aina hiyo yako mengi na yameachwa wazi. Ankara za kujitegemea ambazo hazijulikani zimelipwa au la. Kutafuta picha ya miaka minane iliyopita ambayo unakumbuka tu kulikuwa na mwanamke mwenye kilemba chekundu. Kujua picha yako imetumika wapi bila ruhusa. Na hili la sasa ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote, kuthibitisha kwamba picha ni ya kweli, manake picha za kutengenezwa na kompyuta zimejaa na mhariri hajui aamini nini. Hapo wakubwa wameshaanza, mwaka 2021 Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic waliunda C2PA ili kuwe na kiwango kimoja cha kuambatanisha historia ya picha ndani ya picha yenyewe, nani kapiga, nini kimebadilishwa, na Oktoba 2023 Leica wakatoa M11-P, kamera inayotia saini hiyo picha inapopigwa. Usikate tamaa kusikia majina hayo makubwa, wao wameweka kiwango, lakini mtu wa kukifanya kiwango hicho kitumike na mpiga picha anayehangaika na simu ya kawaida na gazeti dogo lisilo na mtu wa kompyuta bado anahitajika, na huyo anaweza kuwa wewe.

Ukienda upande huo kuwa makini sana na usalama wa watu. Desemba 2012 chombo cha habari cha Vice kilichapisha picha ya John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, akiwa mafichoni na ile picha ilikuwa bado imebeba ndani yake viwianishi vya GPS, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipopigwa, watu wakajua yuko Guatemala. Sasa fikiria aliye kwenye picha sio tajiri bali ni shahidi wa mauaji. Apu inayohifadhi historia ya picha inabeba pia mahali na saa, na uamuzi wa nini kionekane kwa nani hauwezi kuachwa kwa developa peke yake, huo ni uamuzi wa mtu aliyewahi kumwahidi mtu kwamba sura yake haitamletea matatizo. Hapo ndipo miaka yako kazini inahitajika kweli kweli.

Kabla hujatengeneza chochote, fanya kwa mkono kwanza. Watafute wahariri wachache na wapiga picha wachache unaowajua, omba ukae nao zamu, usiwaelezee wazo lako, waangalie tu, wapi wanaguna, wapi wananakili kitu kilekile mara mbili, wapi wanaitana kwa WhatsApp kuulizana kitu ambacho kingepaswa kuwa kimeandikwa. Ukishaona shida moja inajirudia, itatue wewe mwenyewe kwa jedwali la kwenye laptopu na simu yako, na uwatoze pesa, hata kidogo. Mtu akikwambia "wazo zuri sana ndugu yangu, ukimaliza niambie" hajanunua kitu, ni ukarimu tu huo. Akikulipa kwa huduma mbovu unayoifanya kwa mkono, huyo atalipia apu. Asipolipa, umeokoa miezi ya kazi ya rafiki yako na urafiki wenyewe.

Tuje kwa huyo rafiki. Nusu sio wizi kama wengi watakavyokwambia, na pia sio haki moja kwa moja, inategemea anatoa nini na kwa muda gani. Wazo tupu lina thamani ndogo na msimbo tupu, yaani maandishi ya programu yenyewe, nao vilevile, ila wewe ukileta wahariri wanaolipa na yeye akaacha kazi zake mkajenga pamoja kila siku, nusu kwa nusu inaeleweka. Akiwa atafanya wikiendi tu akipata nafasi, nusu ni nyingi mno. Dawa ambayo kampuni changa nyingi zinatumia ni hisa kuivishwa polepole, kawaida kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza mtu akiondoka kabla haujaisha hapati kitu, baada ya hapo anaongezewa kidogo kidogo kadri anavyokaa. Inawahusu wote wawili, na wewe pia. Bila hivyo akiondoka baada ya miezi mitatu anaondoka na nusu ya kampuni ambayo wewe utaihangaikia miaka kumi, na mwekezaji yeyote makini akiona hivyo anakimbia. Kingine ambacho watu wanasahau kabisa, andikeni kwamba msimbo ni mali ya kampuni. Sehemu nyingi bila maandishi aliyeandika ndiye mwenye nao, na wewe kama mpiga picha hilo unalijua vizuri tu, ni sheria ileile inayolinda picha zako.

Kuandika programu sio lazima ujifunze ukawa fundi, ila jifunze kiasi cha kutokudanganywa, ujue data inakaa wapi, seva inagharimu nini, kwanini kitu kinachoonekana kidogo kinachukua wiki tatu na kikubwa kinachukua siku moja. Umri haukuzuii hapo hata kidogo, ulishatoka kwenye filamu ukaingia dijitali au ulifundishwa na waliotoka huko, kamera zimebadilika mara ngapi na bado unapiga.

Hadidiski sasa. Nina habari ambayo huenda hutaipenda. Picha ulizopiga ukiwa umeajiriwa, nchi nyingi zinahesabu ni za mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Za kujitegemea kwa kawaida ni zako, ila soma ulichosaini, kuna mikataba inayochukua haki zote kwa sentensi moja iliyofichwa ukurasa wa nne. Na hata iliyo yako haimaanishi unaweza kuiuza kwa tangazo, mtu uliyempiga kwenye habari hajakubali uso wake uuze sabuni, bila ridhaa yake ya maandishi hapo unajitafutia kesi, na pia sio uungwana kwake. Lakini pia usiogope kudai kilicho chako kwa hakika. Daniel Morel alipiga tetemeko la Haiti Januari 2010, akaweka picha Twitter, zikatumika na kusambazwa bila ruhusa yake, na Novemba 2013 baraza la wananchi wanaoamua kesi mahakamani Marekani likaamua AFP na Getty wamlipe dola milioni 1.2. Kuweka picha mtandaoni hakukumfanya aipoteze. Siku hizi kuna na kampuni zinazotafuta picha za kufundishia mashine, zinaweza kukupigia na pesa ikaonekana tamu, kabla hujakubali waulize kwa maandishi zitatumika vipi, na wewe uwafikirie watu waliomo ndani ya hizo picha. Na nakili hizo hadidiski wiki hii tafadhali, nakala moja iwe nyumba nyingine kabisa, diski inakufa bila kuaga.

Kazi usiache bado na kamera usiuze. Kamera ndiyo inayokulisha wakati chombo chako hakijaanza kulipa, na ndiyo inayokupa sababu ya kuingia vyumba vya habari bila kuonekana mchuuzi. Ningesubiri mpaka kuna wateja wanaolipa kila mwezi bila kusukumwa na pembeni una akiba ya kula na kulipa pango kwa miezi kadhaa, hapo punguza zamu kwanza kabla ya kuacha kabisa. Angalia mkataba wako wa kazi unasemaje kuhusu vitu unavyobuni ukiwa kazini, usitumie laptopu ya ofisi kwa mradi wako hata kwa dakika tano, na mwambie mhariri wako mapema, manake siku gazeti lingine litakapokuwa mteja wako halafu wewe unapangiwa kazi inayoligusa, watu watauliza na watakuwa na haki ya kuuliza. Kuhusu wawekezaji, nakwambia ukweli, wapiga picha za habari duniani ni kundi dogo, na mwekezaji wa kampuni changa anataka kitu kikue mara mia. Ukichukua pesa yake atakusukuma ugeuze chombo kiwe kitu kingine. Kampuni ndogo inayolipa mishahara ya watu watano kwa pesa ya wateja ni maisha mazuri tu, sioni sababu ya kuionea aibu.

Kuna jambo hukuliandika lakini nauliza kwasababu ni kawaida sana kwenye kazi yenu. Unaondoka kwasababu ya pesa tu, au kuna ulichokiona? Kama usingizi umekatika, picha fulani zinarudi bila kuitwa, unaruka ukisikia kishindo, unawakasirikia watu wa nyumbani bila sababu, kampuni haitaondoa hayo, itayafunika kwa muda tu, na presha ya biashara ikija yatarudi na nguvu. Mtafute mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili mkae ana kwa ana, ikiwezekana anayewajua waandishi wa habari, kituo cha Dart Center kimeshughulika na hilo hasa na kimetoa maandiko ya bure ya kuanzia. Ukiona unawaza kujidhuru usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu wa karibu.

Na kabla hujasaini chochote na rafiki yako, muone wakili wa haki miliki, hapa maandishi yangu hayatoshi kwasababu sheria zinatofautiana nchi na nchi na mimi sijaona mikataba yako. Nenda na mkataba wa ajira wa zamani, mikataba yote ya wakala, na orodha ya hadidiski kwa mwaka na nani alilipia safari ya kila kazi kubwa, utaokoa saa zake na pesa yako. Mhasibu anaweza kusubiri mpaka ankara ya kwanza, wakili asisubiri. Ukishakaa zamu na wale wahariri niandikie tena uniambie wanaguna wapi hasa, hapo ndipo tutaweza kuongea kuhusu apu yenyewe.